Bila Kitunguu

Usinitazame hivyo, Morzsa.
Maji ndiyo kwanza yanaanza kunong'ona,
na moyo wa ng'ombe hauivi kwa kukodolewa macho.

Miaka thelathini na mmoja katika kantini ya kiwanda cha kamba
nilipika kwa jicho.
Chumvi kwa ngumi, mafuta kwa kukisia,
watu mia tatu wakipangusa sahani kwa mkate.
Leo nina mizani ndogo kama ya sonara,
nimeinunua uzeeni,
kwa ajili ya mbwa aliyebakiwa na meno sita.

Gunia la vile vidonge vikavu bado liko barazani,
na picha yake ya mbwa anayecheka.
Tangu Dezső azikwe ulivinusa mara moja,
ukanigeuzia mgongo
kana kwamba ni mimi niliyemficha.

Daktari Vadász aliandika nyuma ya risiti:
kitunguu, la. Kitunguu saumu, la.
Zabibu, la.
Mfupa uliopikwa, la, hupasuka kama kioo.
Chumvi, la.
Nikaikunja karatasi nikaitia sidiriani
kama mtu aliyetoka kukopa benki.

Ambrus wa buchani aliniuliza,
Mama Etelka, leo una wageni wangapi?
Nikamwambia, wawili. Mmoja ana mkia.
Na yule mwingine?
Naye pia.
Akacheka mpaka kisu akakiweka chini,
kisha akaniongezea kipande cha ini, hakukipima.

Yule mwingine hangoji moto.
Kaingia chini ya kabati na pande lake bichi
anaunguruma kama pikipiki iliyotoboka bomba,
na ole wake atakayepitisha mguu hapo.

Lakini wewe, Morzsa, wewe ni wa chungu.
Na huku Szeged, nani asiyejua,
chungu hakianzi bila kitunguu.
Kitunguu ndicho hodi ya jiko:
mafuta ya nguruwe kwanza, kitunguu kikageuka rangi,
paprika ikatupwa ndani upesi kabla haijaungua,
ndipo nyama inapokaribishwa.
Asubuhi ya kwanza nilisimama na kisu mkononi
mbele ya ubao mtupu,
sijui nianze na nini.

Nikuambie jambo?
Baada ya mazishi nilikata vitunguu kila jioni.
Havikuwa vya kupika. Nani angekula?
Vilijaa ndooni, vikanuka mpaka ngazini.
Ila Rozália wa ghorofa ya pili huingia bila kubisha,
nami nilitaka niwe na jibu tayari:
si kitu, jirani, ni kitunguu.

Sasa ona ulivyonifanyia.
Karoti haijapata kumliza mtu.
Boga ni tamu, halina ugomvi.
Wali umekaa kimya kwenye sufuria
kama shahidi aliyekataa kunitetea.
Nje ukungu wa mto Tisza umeegemea dirisha,
ndani nimeshika mwiko,
na sina hata ganda moja la kusingizia.

Haya. Gramu mia mbili na kumi za moyo.
Ini, kidogo tu, kama alivyoniandikia.
Nilionja mchuzi: umepooza
kama ule wa hospitali,
ule ambao Dezső alisukuma bakuli akasema, Etel, hiki hukupika wewe.
Wewe husemi hivyo.
Wewe unakula kwa mwili mzima, mpaka masikio,
bakuli linakwenda sakafuni, tang, tang, hadi mlangoni,
nawe walifuata.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Nimekuonyesha viganja vyote viwili: kwisha, mzee, nenda ukalale.
Na bado ulimi wako unarudi palepale,
juu ya kidole gumba, kwenye kifundo,
pale nilipojipangusia uso.

Chumvi, la, alisema daktari.
Basi hii tusimwambie.